Pedi Haikuwa Mbovu

Nilimkata kijana wangu mshahara kwa kosa nililolitenda mimi, kisha nikamharibia jina mjini Bariadi. Mwenyewe nimeshamwomba radhi. Haya nayaandika kwa ajili ya wale niliowaambia maneno yangu wakayaamini, na kwa wenye mabanda wenzangu ambao huenda nao wamemfukuza mtu kwa sababu kama yangu.

Wakati ule nilikuwa na banda la gemu karibu na soko: mashine za PS3, televisheni, mabenchi na feni. Mchana huwa kimya, kisha wanafunzi wanaingia jioni, halafu bodaboda. Msimu wa pamba ukifunguliwa, vijana kutoka Itilima na vijiji vya jirani huja mjini na hela mfukoni, banda linajaa hadi mlangoni. Anayefungwa anaamka, mwingine anakaa. Katika biashara hiyo kinachokufa haraka ni pedi, na pedi moja ikifa benchi zima linakaa bure.

Kijana aliyenishikia banda alitoka Mwanhuzi, wilaya ya Meatu. Alikuwa anajua pedi zote kwa tabia zake: ipi kitufe cha R1 kinanata, ipi kijiti chake kinavuta kushoto. Kila akifunga alizifuta kwa kitambaa na kuzipanga kwa namba. Nilimwekea sharti moja kali, kwamba pedi haitoki bandani hata kwa dakika moja. Hakulivunja. Nililivunja mimi.

Nyumbani nilikuwa na laptopu yenye PES 2013, na nilichoka kucheza mpira kwa kibodi. Vitufe vya mishale vinakupa pande nane tu za kukimbilia, wakati kijiti cha pedi kinamgeuza mchezaji popote unapotaka. Basi usiku mmoja, banda likiwa limeshafungwa, nikachukua pedi namba mbili, DualShock 3 halisi ya Sony, nikaenda nayo nyumbani bila kumwambia mtu.

Ukiichomeka pedi hiyo kwenye Windows, taa zake nne zinawaka na kuzima tu, gemu haioni kitu. Tangu Xbox 360 itoke mwaka 2005, gemu nyingi za kompyuta zimetengenezwa kuielewa pedi ya Microsoft, kwa utaratibu unaoitwa XInput. Pedi ya PS3 haiufuati. Ndiyo maana watu huweka programu ya katikati inayoiambia kompyuta kwamba kilichochomekwa ni pedi ya Xbox. Niliipata ya bure. Maelekezo yalitaka nichomeke na kifaa kidogo cha blututhi, nikachomeka, na kila ilipouliza swali nilibonyeza ndiyo bila kusoma. Nikacheza kwa waya mpaka usiku wa manane. Alfajiri nikairudisha pedi mahali pake.

Asubuhi kijana akanipigia. "Bosi, namba mbili inagoma. Taa zinawaka na kuzima, halafu inalala."

Nilipofika nikamuuliza ameiangusha lini.

"Haijaanguka, bosi. Jana nimefunga ikiwa inacheza vizuri."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kwamba usiku ilikuwa kwangu. Sikusema. Nilijipa hoja kwamba kwangu ilicheza bila tatizo, kwa hiyo lazima imeharibikia mikononi mwake asubuhi ileile. Akaomba aichomeke kwenye PS3 kwa waya ajaribu. Nikamkatalia, nikamwambia asije akaniulia na mashine. Nikaifungia pedi kwenye droo, na mwisho wa mwezi nikamkata nusu ya mshahara. Hakugombana nami. Aliondoka wiki iliyofuata, na wenye mabanda waliponiuliza habari zake nikawajibu kwamba yule ni muuaji wa pedi.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa nyumbani, laptopu imewaka, kile kifaa cha blututhi kikiwa kimechomekwa pembeni. Ile pedi nilikuwa nimeileta nikitaka kuitoa vijiti iwe spea. Kabla ya kuifungua nikabonyeza kitufe cha katikati. Taa zikawaka na kuzima mara chache, kisha taa ya kwanza ikabaki imewaka. Nikasukuma kijiti, na kwenye kioo menyu ya PES ikasogea. Hakukuwa na waya wowote.

Pedi ya PS3 huhifadhi anwani ya blututhi ya mashine moja tu, ile iliyounganishwa nayo mara ya mwisho kwa waya. Usiku ule programu yangu ilifuta anwani ya PS3 na kuandika ya kile kifaa cha kompyuta. Asubuhi pedi ikawashwa bandani, ikaitafuta laptopu yangu, ikaikosa, ikalala. Dawa yake ni kuichomeka kwenye PS3 kwa waya wa USB na kubonyeza kitufe cha katikati. Ni sekunde chache. Ndicho alichoniomba yule kijana, na ndicho nilichomkataza.

Nilimpigia simu nikamweleza yote, pamoja na lile nililolificha. Nikamtumia hela yake na nyongeza. Alishukuru, kisha akauliza, "Na wale uliowaambia, bosi?"

Swali hilo lilinizungusha mji mzima. Wengine walisema yameshapita. Mmoja alibisha kwamba kompyuta haiwezi kuisahaulisha pedi mashine yake, nikaenda na laptopu mpaka bandani kwake, nikachukua pedi yake mwenyewe nikaifanyia vilevile mbele ya wateja, kisha nikairudisha kwa waya wake. Akanyamaza, akaniomba nimwonyeshe tena taratibu.

Kijana nilimwomba arudi. Alikataa, na simlaumu. Mwenye banda mmoja wa zamani amehamia Lamadi na sijamkuta kwenye simu. Kama hili litamfikia: yule kijana wa Mwanhuzi hakuua pedi yoyote. Mpe kazi.