Ya Kale kwa Nani?

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Juba, lizuru kaburi la Dakta John Garang, aliyefariki katika ajali ya helikopta tarehe 30 Julai 2005, hata miezi saba haijatimia tangu mkataba wa amani utiwe saini Nairobi. Ni hapo hapo uhuru ulipotangazwa tarehe 9 Julai 2011.

Wanafunzi wangu waliazimia kwenda huko wamevaa nguo za miaka ya vita, nao wakaiita "siku ya mavazi ya kale". Nikawauliza: ya kale kwa nani? Neno kale twalitumia kwa enzi asizozikumbuka yeyote aliye hai. Vita vilivyoanza mwaka 1983 vina mashahidi sokoni, kanisani, hata jikoni kwenu. Na Desemba 2013 bunduki zililia tena mjini humu. Semeni zamani, au, kwa haki zaidi, juzi.

Kijana mmoja alivaa shati la marehemu mjomba wake, kola imechakaa. Mlinzi mzee alilitazama kwa muda, kisha akamwuliza kwa Kiarabu cha Juba mjomba alipigana wapi. Kijana hakujua. Jioni alikwenda kumwuliza mama yake.