Hamoki Zetu za Shuka na Mkono wa Mtoto wa Watu



Wiki hii wazazi watatu wameniuliza swali moja kwa inbox: "Pasta, kambi ya vijana ya Agosti, tuwanunulie watoto hamoki ama tutashona wenyewe tena kama Desemba?" Nimekawia kujibu kwa sababu ndani ya jibu kuna aibu yangu. Leo najibu, na wale mlioshika simu mkiwa kwa matatu, someni pole pole.

Kwanza kwa wale hawajui. Hamoki ni kitanda cha kitambaa kinachofungwa miti miwili, kinaning'inia, wewe unalala katikati. Ni kama ndugu ya ile machela ya kubebea mgonjwa, ila hii inabebwa na miti. Haihitaji ardhi iliyo sawa, inakunjwa inaingia kwa begi la shule, na mvua ikinyesha chini hailowi bora umefunga turubai juu. Kwa vijana kumi na wanane ambao hawana hema hata moja, ilionekana ni jibu la maombi.

Tatizo lilikuwa bei. Ile niliyoonyeshwa dukani, pamoja na mikanda yake, ilipita elfu tatu. Zidisha mara kumi na nane. Mnajua Rhonda. Kuna nyumba hapa ambapo elfu tatu ni kodi ya mwezi, na mwenye nyumba hapokei ushuhuda.

Mzee mmoja wa kanisa akaja kwangu baada ya ibada, kwa unyenyekevu, akasema atanunua kumi, kanisa litafute nane. Nami, badala ya kusema asante, nikapanda madhabahuni Jumapili iliyofuata nikahubiri 1 Samweli 17. Daudi na mavazi ya vita ya Sauli. Nikasema sisi hatuvai vya Sauli, sisi tuna kombeo letu, tutashona kwa mikono yetu. Nikaongeza na Paulo wa Matendo 18, fundi wa mahema pamoja na Akila na Prisila. Watu walisimama. Vijana walipiga kelele hadi majirani wakachungulia. Yule mzee alikuwa amekaa safu ya pili, akapiga makofi kama wengine. Sikumtazama machoni.

Lakini nisidanganye, ile kazi ya kushona ilikuwa tamu. Tulinunua shuka kubwa za mitumba, zile zenye polista, kwa sababu pamba tupu ikilowa inakuwa nzito na haikauki upesi. Mama Mchungaji akatoa cherehani yake nje, vijana wakapanga foleni. Kitambaa kinakwenda urefu wa kama mita tatu bila kiungo katikati, kisha kila mwisho unakunjwa mikunjo mikunjo kama sketi ya shule na kufungwa kwa nguvu. Kijana ambaye hajawahi kushika sindano alishona upindo wake mara tatu mpaka ukanyooka. Wasichana wawili ambao hawakuwa wanasalimiana tangu Oktoba walishika shuka moja, mmoja huku, mwingine kule, na haiwezekani kukunja shuka na mtu usiyeongea naye.

Na Mama Mchungaji aligundua kitu ambacho ile ya dukani niliyoonyeshwa haikuwa nacho. Kwenye hamoki baridi inatoka chini. Blanketi likilaliwa linabanwa na mgongo, hewa inatoka, na blanketi bila hewa halina joto. Upepo unapita chini yako kama unalala juu ya friji. Yeye akaweka shuka mbili, moja chini ya nyingine, akaacha mfuko katikati wa kuingiza blanketi ili lisikandamizwe sana. Wale mliolala Menengai mkiomba mnajua usiku wa kule. Ukingo wa kreta unafika mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na saa tisa za usiku hata mwenye imani anatafuta sweta. Watoto wetu walilala na joto. Hilo nalisema kwa fahari mpaka leo.

Kamba ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Pesa ziliisha kwa shuka na uzi. Mtu akasema tununue mikanda mipana. Mimi nikasema kamba ni kamba. Nikakusanya manila za buluu, nyingine mpya, nyingine zilikuwa zimeanikia nguo uani kwetu miaka miwili. Manila ya plastiki ikikaa juani inakufa ndani kwa ndani, ukiikunja inatoa vumbi. Niliona lile vumbi mkononi mwangu. Nikajipangusa kwa suruali.

Usiku wa pili, kama saa nne, tumemaliza nyimbo, vijana wamefunga vitanda vyao kwenye mikaratusi. Wavulana walikuwa wanashindana nani atalala juu zaidi, na nani kitanda chake kimenyooka bila kubonyea. Mimi nikapita na tochi nikiwasifu. Nikavuta kamba ya kijana mmoja wa Form Two nikamwambia, "Kaza zaidi, isibonyee." Akakaza, akapanda.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Tak. Halafu mwili ukaanguka kutoka kimo cha kifua changu, juu ya mzizi.

Mkono wa kulia, juu tu ya kiganja. Mfupa ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Hakulia. Aliniuliza kama mama yake atajua.

Nilimfikisha hospitali saa saba za usiku. Mama yake alikuja alfajiri. Ni mama anayefua nguo za watu huko Milimani, anaondoka Rhonda kwa miguu kabla jua halijatoka, na siku hiyo hakwenda, kwa hiyo hakulipwa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumtia moyo. Akanitazama akasema, "Pasta, mtoto nilikupa mzima." Hakuongeza kitu. Nami sikuwa na mstari wa kumpa.

Picha, plasta, dawa na gari viligharimu kuliko hamoki mbili za dukani. Na hiyo ni pesa tu. Kijana alifungua shule Januari akiwa hawezi kushika kalamu.

Pale kwenye benchi ya hospitali simu ililia. Ni yule mzee. Hakuandika salamu. Aliandika tu: Kumb. 22:8. Nikafungua. Ni ile sheria ya anayejenga nyumba, kwamba aweke ukuta wa kuzuia kwenye dari, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba yake. Nilisoma mara moja nikazima simu.

Kisha nikaiwasha nikarudi kwa Daudi wangu. Wapendwa, nimehubiri sura ile labda mara ishirini. Angalieni kwa nini Daudi alivua yale mavazi. Si kwa sababu yalikuwa ya bei ghali. Si kwa sababu yalitengenezwa na wengine. Aliyavaa, akajaribu kutembea, akayavua kwa kuwa hakuwa ameyazoea, hakuwa ameyajaribu. Na Biblia haisemi ni nani alisuka lile kombeo. Inaweza kuwa yeye, inaweza kuwa alinunuliwa na Yese. Lililojulikana ni kwamba simba na dubu walikwisha kupita. Hamoki zangu zilikuwa hazijapitiwa hata na paka. Mimi ndiye niliyewavisha watoto vya Sauli, na nilivishona nyumbani.

Januari nilienda kwa yule mzee nikaomba msamaha sebuleni kwake, si kwa simu. Akasema, "Chai inapoa, Pasta." Tukanywa.

Halafu binti mmoja wa Form Three akatufundisha hesabu kwa chaki ukutani mwa kanisa. Mtu wa kilo 60, kamba ikishuka kwa nyuzi 30, kila upande unabeba kama kilo 60. Ukikaza mpaka ibaki nyuzi 10 tu, kila upande unabeba zaidi ya kilo 170, na mtu ni yule yule. Kitanda kinatakiwa kibonyee, kisha unalala mshazari ndani yake ndipo mgongo unanyooka. Kumbe neno langu la "kaza" lilikuwa limeongeza mzigo karibu mara tatu juu ya kamba iliyokwisha kufa juani.

Aprili tulijaribu kila hamoki nyuma ya kanisa kabla mtoto yeyote hajaigusa. Magunia mawili ya mchanga, kilo mia, usiku mzima. Katika kumi na nane, nne zilipasuka. Shuka zilikuwa zimechakaa kwa jua la kwao huko zilikotoka, na macho hayakuona. Mama Mchungaji amezikata, ndizo vitambaa vya kufutia viti mnavyoviona. Mimi nilitoka pale nikakaa kwa choo cha kanisa dakika kumi. Nne.

Kwa hiyo jibu langu kwa wale wazazi watatu ni hili. Kitambaa tutashona, maana chetu kina joto na watoto wanakijua kila mshono. Mikanda na pete za chuma tutanunua, mipana ili isikate gome la mti, zenye uzito wake umeandikwa, na yule mzee ameshalipia kumi. Nane bado, nitumieni ujumbe. Hakuna kamba ya nguo. Hakuna anayelala juu kuliko kiti. Na magunia ya mchanga yatatangulia.

Jumamosi saa nne asubuhi tunaanza kushona, kuja na shuka kubwa mbili na uzi wa polista.

Mkaguzi wa mafundo ni yule kijana wa Form Two. Sikumchagua, alijichagua, na mama yake alikubali baada ya kukaa kimya muda mrefu. Anavuta kila kamba kwa mkono wa kushoto kwanza, halafu wa kulia. Jumapili baada ya ibada alifika kwa hamoki yangu, akavuta, akanitazama.

"Pasta, fungua. Funga tena."

Nikafungua.