Sumbawanga: pazia la dirisha ni blanketi la nyumba

Ukitoka Tunduma kwenda Sumbawanga, ukishapita Laela unafunga kioo cha basi bila kuambiwa. Nyanda za juu za Ufipa ziko wazi, miti ni michache, na upepo hauna wa kuuzuia. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai, usiku wake si wa shuka moja.

Nilikwenda Julai kumsaidia mdogo wangu kuhamia nyumba yake mpya. Chumba cha watoto kina dirisha lililotokeza nje, lenye pande tatu za vioo. Linapendeza, ila vioo vingi ni baridi nyingi. Nami nilikuwa nimebeba mapazia mepesi kutoka Dar es Salaam. Fundi cherehani sokoni aliyashika akacheka: "Mama, haya ni ya kwenu kwenye joto. Hapa watoto watalala na masweta."

Usiku ule nilimwelewa. Baridi ilipozidi, mdogo wangu akataka kuingiza jiko la mkaa chumbani kwa watoto. Nikamwambia, "Hapana, mdogo wangu." Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, mtu hulala asiamke. Tukawahamishia watoto kitandani kwetu.

Asubuhi tulirudi kwa fundi na vipimo. Dirisha la namna hii hupimwa kila upande peke yake. La kwetu lilikuwa na sentimita 150 katikati na 60 kila pembeni, jumla 270. Ili pazia lipate marinda, kitambaa huwa mara mbili ya upana, yaani mita 5.4. Tulichagua kitambaa kizito chenye bitana, na shia nyepesi ndani yake kwa ajili ya mchana. Fundi wa kuchomelea akakunja bomba lifuate pande zote tatu, maana fimbo moja iliyonyooka ingekata chumba na kuacha dirisha nyuma yake. Pazia tulilishusha hadi karibu na sakafu. Kitanda tukakisogeza mbali na dirisha, watoto wasipande wala kuning'inia kwenye pazia.

Mchana tunalifungua jua liingie. Jua likianza kuzama tunalifunga kabla baridi haijaingia.

Wafipa hawakuanza jana kujua thamani ya kitambaa. Kabla ya vitambaa vya viwandani kuenea, mafundi wao walifuma nguo nzito za pamba kwa mikono. Kwa hiyo mzazi, ukienda dukani usianze na rangi. Lishike pazia, pima uzito wake, kisha jiulize mtoto wako analala mji gani.

Usiku wa pili watoto walilala chumbani kwao. Jiko lilibaki nje.