Mnyororo wa Pikipiki

Wengi wenye pikipiki huipangusa mpaka ing'ae, lakini mnyororo hawautazami kamwe. Mkulima mmoja alikuwa na desturi hiyo. Asubuhi moja alipokuwa akiteremka mlima na maziwa ya kuuza, mnyororo uliolegea uliruka kutoka kwenye meno, ukakwama, na gurudumu la nyuma likasimama ghafula. Yeye alipona, maziwa yote yalimwagika, na karo ya mwanawe ilitegemea maziwa hayo.

Pikipiki ilipokwisha kutengenezwa, aliazima rula ya mtoto, akajifunza kazi hiyo mwenyewe. Kwanza huzima injini, maana mnyororo unaozunguka hukata vidole. Huitoa pikipiki katika gia, kisha husukuma sehemu ya chini ya mnyororo, katikati, juu na chini, akiupima. Huzungusha gurudumu na kupima tena, kwani mnyororo hauchakai sawasawa. Kwa pikipiki nyingi ndogo, kulegea kwake hufaa kuwe baina ya sentimita 2 na 3. Kitabu cha pikipiki hutaja kipimo halisi. Kukizidi, hulegeza nati ya ekseli, huvuta gurudumu nyuma pande zote mbili kwa kufuata alama, hukaza nati, kisha huijaribu breki. Hakazi mnyororo kupita kiasi, kwa sababu huharibu beringi. Mwisho huupangusa na kuupaka oili.

Kazi yote haifiki nusu saa. Siku hizi maziwa hufika salama, na mtoto huenda shule na rula inayonuka oili.