Tazama Kwanza, Ndipo Ushike Fimbo

Leo nataka kuwaeleza habari za mbwa wawili wa nyumbani kwangu, na jinsi nilivyokaribia kumwua mmoja wao bila kosa.

Mimi ni karani wa parokia moja chini ya Mlima Meru, upande wa Tengeru. Mbwa wangu mkubwa aitwa Simba. Ndiye alindaye mbuzi usiku na kufukuza ngedere katika mahindi. Baadaye nikaletewa mbwa mdogo, Popi, aliyetengwa na mama yake mapema mno, hata wiki 5 hajatimiza. Meno yake yalikuwa kama sindano, wala hakujua kipimo cha kung'ata. Alipopata miezi minne hivi wakaanza kushikana kila jioni chini ya migomba: huyu amrukia yule, yule amshika huyu shingo, vumbi latimka, na ngurumo za kutisha.

Jioni moja nilitoka ofisini nikamkuta Simba amemlaza Popi chini, mdomo u shingoni. Nilidhani amwua. Nikapenyeza mkono katikati yao, na jino la Simba likanipasua kiganja. Nilikasirika sana, nikamwambia mke wangu, "Kesho mbwa huyu halali hapa!"

Yeye alijibu tu, "Baba watoto, lete mkono kwanza." Akaniosha kidonda kwa sabuni na maji ya kumiminika muda wa dakika 15, kisha tukaenda hospitali, maana kichaa cha mbwa hakina mchezo; dalili zake zikimtokea mtu, kupona ni shida mno. Mganga alinianzishia sindano siku ile ile, akaniambia, "Mbwa usimwue. Mfungie, umtazame siku 10. Akiwa na kichaa, ataonyesha. Ukimwua leo, hutajua mwenendo wake." Basi Simba akapata siku 10 kwa amri ya mganga, si kwa huruma yangu.

Nilimfungia ndani ya ua. Kumbe Popi, yule niliyedhani ameonewa, akapenya chini ya ua kumfuata mwenzake! Nilimtoa mara mbili. Mara mbili akarudi. Hapo nikaanza kujiuliza: aliyeonewa hurudi kwa mwonezi wake mbio, akitikisa mkia?

Ndipo nikatazama vema. Kabla ya kurukiana, mmoja huinamisha kifua hadi chini, makalio yakibaki juu. Hiyo ndiyo hodi yao, kama kusema, "Nitakalofanya sasa ni mchezo." Vinywa vyao vilikuwa wazi, miili imelegea. Walipokezana: mara huyu afukuza, mara afukuzwa. Simba, mwenye nguvu mara tatu, alijilaza chali mwenyewe ili mdogo apate kumpanda. Na Popi alipong'ata kwa ukali, Simba alinguruma mara moja, akasimama, akamgeuzia kisogo. Mchezo umekwisha! Baada ya siku chache Popi akalegeza meno. Alilokosa kujifunza kwa ndugu zake wa tumbo moja, alifundishwa na mkubwa wa nyumba. Kwa sababu hii, ndugu, msichukue mtoto wa mbwa kabla ya wiki 8.

Charles Darwin wa Uingereza, katika kitabu alichotoa mwaka 1872, alieleza habari za mbwa wake aliyemng'ata mkono kwa mchezo. Akiambiwa afanye taratibu, alijibu kwa kutikisa mkia. Mimi nilisoma chuo cha ualimu, lakini jambo hilo nilikuwa silijui mpaka nilipochanwa kiganja.

Lakini ugomvi wa kweli upo. Mwili hukakamaa, mdomo hufumba, macho hukaza, manyoya ya mgongo husimama, na aliyeshindwa hufyata mkia akitafuta pa kukimbilia. Ukiwa na shaka, mwite mwenye nguvu kando kidogo. Yule mwingine akimfuata, ni mchezo, akikimbia, watenge. Wakipigana kweli, usitie mkono: mwaga maji, au gonga debe. Na chakula wape mbali mbali, maana mfupa umevunja urafiki mwingi. Chanjo ya kichaa isikose kila mwaka.

Siku ya kumi Simba alikuwa mzima kabisa. Nilimfungulia, nikaona haya mbele ya mnyama.

Juzi wanangu wawili walikuwa wakipigana mieleka uani, kelele tele. Mkono wangu ulikwenda kwenye fimbo kama zamani. Nikasita, nikatazama. Mkubwa alijiangusha kusudi, na mdogo akamkalia kifuani akicheka. Fimbo nikairudisha pembeni.

Wazazi wenzangu, mwenye nguvu akijishusha, mchezo hudumu. Nasi tulio wakubwa wa nyumba tusihukumu kwa kelele peke yake.