Walishinda au Walikesha?

Huenda baadhi ya walimu wenzangu wakashangaa kuona kurasa hizi, ambazo aghalabu hushughulikia ngeli, methali na ufundishaji wa insha, zikitolewa kwa habari za mpira wa kikapu. Naomba wanistahimilie. Mimi si mchezaji. Kimo changu hakikuniruhusu. Ni mshabiki tu, tena wa timu moja na ya msimu mmoja: timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, katika msimu wa 2008 hadi 2009. Sijapata kukanyaga jimbo hilo, wala sina jamaa huko. Lakini katika timu hiyo alikuwamo kijana wa Dar es Salaam, na kwa sababu yake mimi, mwalimu wa Kiswahili katika shule moja iliyo kwenye mteremko wa kilima cha Nakasero hapa Kampala, nilikosa usingizi siku nyingi na kuliweka rehani somo langu.

Kijana huyo ni Hasheem Thabeet. Alizaliwa mwaka 1987, akasoma Makongo, na hakuanza kucheza mpira wa kikapu mpaka alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi. Alimalizia masomo ya sekondari mjini Houston, na mwaka 2006 akajiunga na Connecticut, chini ya mwalimu Jim Calhoun. Kimo chake ni futi 7 na inchi 3. Sifa yake kubwa haikuwa kufunga bali kuzuia: mpinzani anarusha mpira, umati unainuka, na ghafla mkono mrefu unatokea na kuupangua. Msimu huo alipangua mipira zaidi ya minne, kwa wastani, katika kila mchezo, na ile inayorudi kutoka ubaoni aliidaka zaidi ya kumi. Jina lake lenyewe ni somo. Wamarekani huliandika kwa namna yao, lakini sikio la Mswahili halidanganyiki: asili yake ni ile ile iliyotupa neno thabiti.

Wasomaji walioko Tanzania na pwani ya Kenya huenda wasitambue maana ya jambo hilo kwa mwalimu wa Kampala. Kiswahili hapa kilikuwa na historia nzito. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa raia wengi kikabaki kuwa sauti ya askari wakati wa usiku. Mzee mmoja aliyeuza nyanya katika soko la Nakasero, nilipomsalimu kwa Kiswahili, alinijibu kwa Kiganda, kisha akaniambia kwa upole: "Mwalimu, lugha hiyo nilipigwa nayo." Baada ya kitambo akaongeza kwamba mwezi wa Aprili 1979, wanajeshi wa Tanzania walipoingia mjini, waliomwambia atoke mafichoni walisema lugha ile ile. "Kwa hiyo sijui niichukie au niishukuru," akasema, akaendelea kupanga nyanya zake.

Watoto wa watu kama hao ndio niliokuwa nikiwafundisha. Mwanzoni mwa mwaka 2009 darasa langu la Kidato cha Tatu lilikuwa na wanafunzi tisa. Somo lilikuwa la hiari, na waliobaki waliitwa na wenzao "polisi". Uongozi wa shule ulikuwa umeniarifu, bila ubaya wowote, kwamba nisipopata wanafunzi 15 mwaka utakaofuata, Kiswahili kitaondolewa katika ratiba.

Basi nikafanya jambo ambalo chuo cha ualimu hakikunifundisha. Nilibandika ukutani karatasi kubwa, nikaandika juu yake "Msimu wa Thabeet", na kila baada ya mchezo tulijaza tarehe, alama na habari fupi kwa Kiswahili. Matokeo niliyapata katika mkahawa wa intaneti karibu na soko. Shida ya kwanza ilikuwa msamiati. Kufunga, pasi, faulo na mwamuzi tulivikopa kutoka kandanda bila kuomba ruhusa. Kupangua tulilichukua kwa mlinda mlango. Kwa mpira unaorudi kutoka ubaoni tulishindana wiki nzima, na mwishowe ukaitwa "marejeo", neno ambalo silipendi hadi leo. Lakini kwa kikapu chenyewe tulikuwa na bahati. Niliwasimulia kwamba mchezo huu ulibuniwa mwaka 1891, katika mji wa Springfield, na James Naismith, mwalimu wa shule ya mafunzo ya YMCA, aliyeambiwa awatafutie shughuli vijana watukutu wakati wa baridi. Alitundika vikapu vya kubebea matunda, vyenye vitako vyake, hata kila aliyefunga ilibidi mtu apande ngazi kuutoa mpira. Marekani wana wavu usio na kitako. Waswahili bado tuna kikapu. Wanafunzi, ambao walipita kila siku mbele ya viwanja vya YMCA pale Wandegeya, walilifurahia jambo hilo kupita kiasi.

Mchezo wa kwanza kuandikwa katika karatasi yetu ulikuwa wa tarehe 16 Februari. Connecticut walikuwa wakiongoza orodha ya timu bora za vyuo vyote, na tangu Novemba walikuwa wameshindwa mara moja tu. Tena ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Thabeet. Alikuwa anatimiza miaka 22. Nilikwisha kuwaahidi wanafunzi sherehe. Pittsburgh wakaja, wakashinda 76 kwa 68. Mchezaji wao DeJuan Blair, mfupi kwa Thabeet kwa inchi nane, alifunga alama 22 na kudaka marejeo 23. Na katika kung'ang'ania mpira alimbeba Thabeet begani na kumpindua chali sakafuni. Mwanafunzi mmoja wa kiume aliniuliza, kwa sauti ya unyenyekevu wa uongo, kama neno thabiti lina maana nyingine.

Nikajifunza hapo, ingawa sikukubali, kwamba nilikuwa nimeifunga heshima ya lugha katika mguu wa mtu asiyenijua. Mwalimu mwenye busara angeiondoa karatasi ile. Mimi nilinunua kalamu za rangi.

Sasa nifike kwenye usiku ambao ndio hasa umenifanya niandike. Tarehe 12 Machi, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Connecticut walikutana na Syracuse katika mashindano ya umoja wao wa Big East. Chini ya kilima chetu palikuwa na hoteli ndogo yenye televisheni ya setilaiti, na mhudumu wake wa zamu ya usiku alikuwa kijana wa Mwanza. Mchezo ulianza kwetu saa kumi na nusu alfajiri, Ijumaa tarehe 13. Muda wa kawaida ukaisha timu zikiwa sawa, baada ya mwamuzi kulikataa bao la Syracuse lililochelewa kwa nukta moja. Nyongeza ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Jua lilikuwa limetoka, muadhini amekwisha nyamaza zamani, na mimi nilikuwa na kipindi saa mbili kamili. Nikaondoka mbio na chaki mfukoni, mchezo ukiendelea.

Niliwaeleza wanafunzi hali ilivyokuwa. Kwa kuwa sikuwa na jingine kichwani, nikawaambia: "Andikeni mwisho wa habari hii." Wakainama juu ya madaftari. Dakika zile walipokuwa wakiandika, kule New York walikuwa katika nyongeza ya tano na ya sita. Sijapata kuwa na zoezi la insha lililo hai namna ile, na sitapata.

Msichana mmoja, mkimya, mchezaji wa timu ya shule, alianza hivi: "Timu yetu ilishinda uwanjani mpaka jua likawaka." Nilipita nyuma yake, nikalipigia mstari mwekundu neno ilishinda, na kuandika pembeni: ilikesha. Mtu hushinda mchana, usiku hukesha. Akainua mkono. "Mwalimu, lakini hapa kwetu kumekucha." Mwenzake akadakia kwamba mchezo si wa Kampala, ni wa New York, na huko ni usiku wa manane. Wa tatu akasema kwamba basi hata kukesha si sahihi, maana huko hata saa saba na nusu haijafika. Na je, msichana huyu amesema kwamba timu ilikaa, au kwamba ilipata ushindi? Alipoulizwa, alijibu kwamba bado hajaamua.

Wasomaji wanajua kwamba kitenzi hiki kina nyuso mbili: kupata ushindi, na kukaa mahali au katika hali mchana kutwa, kama tunavyoulizana jioni, "Umeshindaje?" Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo miaka mitatu kama orodha ya maana. Asubuhi ile wanafunzi tisa waligombana juu yake mpaka kengele ikalia, kwa Kiswahili, bila mtu kuwaamuru. Mchana nilikwenda kwenye mkahawa wa intaneti. Nyongeza zilikuwa sita. Mchezo ulikwisha saa mbili na dakika 22 asubuhi kwa saa zetu: Syracuse 127, Connecticut 117. Katika nyongeza zote Syracuse hawakupata kutangulia mpaka ile ya sita.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Katika mashindano ya taifa Connecticut waliwashinda Chattanooga kwa tofauti ya alama 56, wakawaondoa Texas A&M, Purdue na Missouri, na wakaingia katika timu nne za mwisho, mjini Detroit. Tarehe 5 Aprili, saa saba usiku kuamkia Jumapili ya Matawi, nilikuwa tena katika hoteli ile na yule kijana wa Mwanza. Wapinzani walikuwa Michigan State, ambao walikuwa kama nyumbani. Watazamaji walizidi 72,000, na sauti yao ilipasua spika ya televisheni. Thabeet alifunga alama 17, lakini wenzao walikimbia kama bodaboda wakati wa jioni. "Mwalimu," mhudumu akaniuliza, "huyu kaka yetu mbona anabaki nyuma?" Sikuwa na jibu. Matokeo yalikuwa 82 kwa 73. Siku mbili baadaye Michigan State nao walishindwa na North Carolina, jambo ambalo nilitumaini litanifariji.

Jumatatu niliingia darasani, nikajaza mstari wa mwisho wa karatasi: michezo 36, kushinda 31, kushindwa 5. Hakuna aliyecheka. Niliwaambia ukweli, kwamba nilitaka timu ile ishinde ili wenzao waache kuwaita polisi. Yule msichana alisema, "Hata wangeshinda, wangetuita polisi, Mwalimu." Kisha akauliza kama tutaandika habari za timu yake ya shule muhula ujao. Tuliziandika. Timu yake ilishindwa karibu michezo yote, na hizo ndizo habari bora nilizowahi kusahihisha.

Mwezi wa Juni 2009 Thabeet alichaguliwa wa pili na Memphis, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi ya NBA. Huko hakufanikiwa kama ilivyotarajiwa. Kufikia 2014 alikuwa ameondoka, na magazeti ya michezo yakamfanya mfano wa matumaini yaliyopotea. Baadaye alicheza Japani na Taiwan. Mimi sikubaliani na hukumu yao, lakini nakiri kwamba hukumu yangu si ya mtu asiye na upande.

Darasa langu lilipata wanafunzi 13, si 15. Kiswahili kikaondolewa katika ratiba, nami nikahamia shule nyingine, bado katika kilima hiki hiki. Tangu mtaala mpya wa mwaka 2020 somo ni la lazima katika Kidato cha Kwanza na cha Pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha lugha hii ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Leo nasimama mbele ya wanafunzi zaidi ya 60 ambao hawakuulizwa kama wanataka. Wananitii. Wanajaza mapengo. Mara nyingi, wakiwa wameinama kimya juu ya madaftari, nawakumbuka wale tisa na kelele zao.

Yule msichana aliniachia daftari lake alipohama somo. Mwaka jana, nikipanga kabati, nililikuta. Mstari wangu mwekundu bado uko chini ya ilishinda, na pembeni imeandikwa ilikesha kwa mkono wa mtu mwenye haraka. Wino ule haufutiki. Nilichukua kalamu ya risasi, nikaongeza alama ya kuuliza.