Ulizeni Maji Yanapita Wapi

Ukitoka Kasulu mjini ukapandisha kuelekea Heru Juu, yalikokuwa makao ya mtawala wa jadi wa Waha, Mwami Theresa Ntare, ni shida kukuta kiwanja kilicholala. Nyumba zimekaa kwenye ubavu wa kilima uliochongwa kwa jembe na sururu, migomba nyuma, njia chini. Nimekulia huko miaka ya 1980, na mazungumzo ya ujenzi niliyasikia kila kiangazi. Wakubwa hawakuanza na bei ya bati. Walianza na maji: yakishuka kutoka juu, yatapita wapi? Mvua za Buha, nchi ya Waha, huanza Oktoba na kwenda hadi Mei, na miezi hiyo yote kilima hutafuta pa kushushia maji yake. Ukijenga kwenye njia hiyo, hata ukiweka msingi wa mawe, ipo siku utaukuta umeliwa chini, unaning'inia.

Fundi wetu alikuwa mzee aliyewahi kwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga, kama wanaume wengi wa Kiha wa rika lake. Kiwanja alikipima kwa miguu kwanza. Alitembea, akakanyaga, akasimama kutazama juu mlimani, ndipo akachomeka vigingi. Udongo unaochongwa upande wa juu hutupwa upande wa chini, na hapo wengi hudhani wamepata uwanja wa bure. Kile ni kifusi. Nyumba ikikaa nusu kwenye udongo mgumu na nusu kwenye kifusi, haipiti misimu mingi ya mvua kabla kona ya chini haijatitia, na ufa huanzia dirishani ukapanda mpaka kwenye linta. Baba, aliyekuwa mwalimu, alitaka sebule kubwa. Mzee akakataa. "Mwalimu, ukitaka ukubwa tuchimbe zaidi kuingia mlimani. Kifusi tumwachie mama apande mboga." Mama akapanda mboga, na nyumba ile haijapata ufa hadi leo.

Matofali tulifyatua wenyewe bondeni, karibu na maji, tukayaanika na kuyafunika majani ya migomba yasipasuke kwa jua. Kisha tanuri. Matofali mabichi yalipangwa kwa kuacha matundu ya kuni chini, na kuta za nje zikasiribwa tope ili moto usitoroke. Wanaume walikesha wakilisha kuni, sisi watoto tukichoma mahindi pembeni. Tanuri lilipopoa, fundi aliokota matofali mawili akayagonganisha. Lililoiva hulia kama kengele. Lisiloiva hutoa sauti nzito, na ya namna hiyo aliyatenga kwa ajili ya kuta za ndani. Ukuta wa nyuma, unaotazamana na mlima, alikubali ujengwe kwa yaliyoiva peke yake, maana huo ndio unaokunywa unyevu mwaka mzima.

Nyumba ya bibi, hatua chache juu yetu, ilikuwa ya nyasi. Wakati huo niliona ni unyonge, sasa naiheshimu. Nyasi hunyonya mvua na kuiachia pole pole, na usiku wa Juni na Julai, kipupwe kinapouma kweli, ndani mna joto. Bati huyatupa maji yote mara moja. Watu walipobadilisha paa bila kuutengeneza uwanja, michirizi ya chini ya upenu ikawa mitaro, mitaro ikawa makorongo, na korongo halijui mpaka wa jirani. Mashauri mengi niliyoyasikia utotoni yakipelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji yalikuwa ya maji ya bati. Mwenye nyumba mwungwana alipanga mawe chini ya upenu, akachimba mfereji nyuma ya nyumba, akauelekeza kwenye migomba yake mwenyewe.

Matunzo hayakuwa na mjadala. Kila Agosti na Septemba, kabla ya mvua, mfereji wa nyuma ulizibuliwa, msingi ukasiribwa upya, nguzo za jikoni zikapakwa oili chafu kuzuia mchwa, na baba akapanda juu kugonga misumari iliyolegezwa na upepo. Mama alikagua kuta kwa kiganja cha mkono, akipapasa chini karibu na sakafu kutafuta ubaridi. Palipokuwa na ubaridi, alijua mfereji umeziba upande ule. Sikumbuki akikosea.

Swali la pili, na gumu kuliko la maji, lilikuwa hili: kiwanja ni cha nani? Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, mkoa wetu ukiwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo ambayo watu wake walihamishiwa vijijini. Familia zilizokaa zimetawanyika vilimani, kila mji katikati ya migomba yake, zilishushwa na kupangwa kwa mistari kando ya barabara. Bibi aliacha mibuni, migomba na makaburi ya wakwe zake. Shule na zahanati zilisogea karibu, na mimi ni mmoja wa waliosoma kwa sababu hiyo. Lakini baadaye wengine walipoanza kurudi kwenye mahame, walikuta yanalimwa na watu waliogawiwa na kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, kifungu cha 15, ilihalalisha ugawaji uliofanyika wakati wa operesheni, kati ya 1970 na 1977, na kuzifuta haki za awali. Kwa bibi ilikuwa sheria chungu. Hata hivyo naamini bila hiyo vijiji vyetu visingelala, kwa kuwa kila shamba lingekuwa na wenyewe wawili, wote wakisema kweli.

Katikati ya miaka ya 1990 baba alihamishiwa Kibondo. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, wakimbizi walivuka mpaka kwa wingi, na wilaya ikawa na kambi za Kanembwa, Mtendeli, Nduta na nyinginezo. Mji mdogo ukajaa magari ya mashirika, na nyumba yenye sakafu ya saruji ikawa dhahabu. Baba aliamua kununua badala ya kupanga. Nilimsindikiza kuitazama nyumba wakati wa kiangazi, imepakwa chokaa mpya inayong'aa. Hakuisifia. Aliinama nyuma ya nyumba akatazama matope yaliruka hadi tofali la ngapi kwenye kuta za majirani ambazo hazikupakwa chokaa. Halafu akaomba muda, akarudi siku ya mvua kubwa, akasimama uani na mwavuli mpaka ilipokatika.

Mkataba uliandikwa kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mwenyekiti na majirani wa pande zote, mpaka wa minyaa ukitembelewa mche kwa mche. Muuzaji alikuwa tayari kutia sahihi baba alipomgeukia mke wa muuzaji, aliyekaa mkekani. "Mama, na wewe umeridhia?" Ukimya ulikuwa mrefu. Baada ya hapo mama yule akauliza fedha zitanunua wapi nyumba nyingine, na mumewe akalazimika kujibu mbele ya watu wote. Ndipo akaweka dole gumba. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini wengi waliouza Kibondo siku zile hawakuwaita wake zao hata kuja kusikiliza.

Wenye nyumba wa Kibondo waliweka nondo madirishani, singibodi na matangi, wakawapangisha watu wa mashirika. Miaka ya 2000 Warundi walipoanza kurejea kwao na kambi kufungwa moja baada ya nyingine, wapangaji waliondoka. Nyumba tupu mlimani haichukui muda: hakuna wa kuzibua mfereji, na msimu mmoja wa mvua unatosha kuingiza tope sebuleni. Wakimbizi waliporudi mwaka 2015 na Nduta kufunguliwa tena, baadhi ya nyumba hizo hazikuwa za kukarabatiwa bali za kubomolewa.

Sasa umeme wa gridi ya taifa umefika na lami imetukuta, viwanja vimepanda bei, na wapo wanaonunua Kasulu kwa kutazama picha kwenye simu wakiwa Dar es Salaam. Nawasihi waje wenyewe, waje mvua ikinyesha, wazungumze na majirani wa juu na wa chini. Na wewe ambaye wazazi wako bado wako kule, likizo ijayo wakae na ndugu zako wote, wawaonyeshe mipaka mbele ya majirani, kisha muiombe halmashauri ya kijiji hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina ya baba na mama. Aliyekuwa na miaka 20 operesheni ilipoanza sasa amevuka 70.